Idjwi haina shamba tupu: wanaowauzia wahami viwanja vya bei ya chini wanawauzia ugomvi

IDJWI, Kivu ya Kusini. – Kwenye bandari za Ziwa Kivu kuna maneno yanayorudiwa siku hizi asubuhi na jioni: kisiwani kuna nafasi, kisiwani kuna utulivu, kiwanja ni bei ya chini, lipa nusu leo, karatasi itafuata. Wanaoyasema ni makomisionere, watu wa simu mbili na daftari moja, wasio na shamba hata la kupanda mstari mmoja wa maharagi. Wanaoyasikia ni jamaa zilizokimbia vita huku Masisi, Minova na Kalehe, na wale waliotoka katika kambi za Goma kama Bulengo na Lushagala wakati kambi hizo zilipomalizwa Februari 2025. Wengi wao wameisha kuhama mara mbili, mara tatu. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba kuna mahali palipozungukwa na maji, mbali na barabara za vita, anatoa feza ya mwisho aliyoshona ndani ya nguo.

Maneno hayo ya bandarini ni uongo. Labda lile la utulivu lina ukweli, kwa sababu kweli Idjwi imejulikana miaka mingi kama kisiwa kilichoepuka mengi yaliyoharibu ng'ambo zote mbili za ziwa. Mwaka 1994 kilipokea wakimbizi wa Rwanda, na tangu hapo kimepokea watu wa Kivu karibu kila vita vinapowaka. Lakini utulivu huo unategemea jambo moja ambalo makomisionere wanalivunja kila siku: kila mwenyeji ajue mpaka wa jirani yake unaishia wapi.

Tuanze na hiyo nafasi inayosemwa. Kisiwa kina takriban kilomita 300 za mraba, na ndani yake mna wakaaji zaidi ya laki mbili. Hesabu ni rahisi: watu zaidi ya 600 kwa kila kilomita moja ya mraba, nao si watu wa mji wenye nyumba za ngazi, ni wakulima wanaoishi kwa mihogo, migomba, maharagi, kahawa na mananasi. Kila mzee aligawia wanawe shamba, na wana wakagawia wao, hata leo kuna jamaa zinazolima vipande ambavyo jembe likitupwa kwa nguvu linaangukia kwa jirani.

Anayefika kwa boti na kuona mteremko wa kijani usio na nyumba, anafikiri ni pori. Mwenyeji akitazama mteremko huohuo anaona vitu vingine: shamba la mjane lililoachwa msimu mmoja lipumzike, mikaratusi ya kuni ya ndugu watatu wasiosemezana, njia ya mbuzi, kaburi la babu chini ya mti ambao mgeni anataka kuukata kwanza. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba nao umefanya kazi yake. Jamaa iking'oa migomba iliyooza, uwanja unabaki wazi kwa miezi mingi, na hapo ndipo komisionere anapita na kamba yake ya kupimia na kusema hapa hapana mtu.

Sheria ya ardhi ya Congo, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala hauishiwi haki hiyo kwa kupita kwa miaka. Anachopata raia ni haki ya kutumia udongo huo. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha uandikishaji tu, kile ambacho watu wa mji wanaita sertifika. Basi, ile karatasi ya daftari la shule inayosainiwa na muuzaji, komisionere na mashahidi wawili waliopewa pombe, haimpi mnunuzi udongo. Inaonyesha tu kwamba feza ilitoka mkononi mwa huyu ikaingia mkononi mwa yule, na siku ya mashitaka si ajabu mashahidi wakawa wamesahau hata hilo.

Sheria hiyohiyo, katika vifungu vyake vya 387 hadi 389, inataja ardhi zinazokaliwa na raia wa vijijini kufuatana na mila, na inasema haki zao zitapangwa na agizo la Raisi wa Jamhuri. Agizo hilo lilingojewa miaka na miaka bila kutoka. Katika pengo hilo ndimo wanamopita wajanja wote. Ukimwendea mmoja wao na sheria ya Serikali, anakujibu kwamba hapa ni ardhi ya mila. Ukimwendea na mila, anakuambia siku hizi ni makaratasi.

Nayo mila haikuwa ovyo kama inavyosemwa na watu wa mji. Katika Buhavu, kama katika Bushi, ilijulikana kalinzi: mtu alitoa ng'ombe au mali nyingine kwa mwenye ardhi, akapata shamba la kudumu na la kurithisha watoto, mbele ya watu, na jina lake likajulikana kilima kizima. Ilijulikana pia bwasa: unapewa shamba la kulima kwa muda, unatoa sehemu au malipo kidogo, hupandi kahawa wala migomba ya kudumu, na msimu ukiisha mnazungumza tena. Yote mawili yalikuwa na kasoro zake, hasa kwa wanawake, ambao mara nyingi walilima maisha yote bila jina lao kutajwa popote. Lakini hakuna aliyepata kalinzi kwa siri, usiku, bandarini. Mauzo ya leo yamechukua ubaya wa pande zote mbili: yana bei ya mji na hayana mashahidi wa kijiji.

Waangaliwe wanaoumia kwanza. Bambuti wa Idjwi waliondolewa katika msitu zamani, na wengi wao wamekaa tangu hapo kwenye vipande vya pembeni, karibu na maji, kwa neno la mdomo tu. Shefu aliyewaruhusu akifa, mtoto wake anaweza kusema hakumbuki. Kiwanja cha kando ya ziwa ndicho kinachotafutwa zaidi na matajiri wa Goma na Bukavu, wenye kutaka nyumba ya kupumzikia au hoteli ndogo yenye mandhari nzuri. Kwa hiyo, kila bei ya ukingo wa ziwa inapopanda, ni Bambuti wanaoambiwa wasogee. Wamesogea mpaka wapi sasa? Mbele yao ni maji.

Mjane anafuata. Mume akifa, shemeji anakuja na mnunuzi. Sheria ya familia inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla mali kama hiyo kuuzwa, lakini mjane asiyejua kusoma, mwenye ndoa ya mila isiyoandikwa, atapeleka wapi neno hilo? Safari ya ofisi na mahakama kwa mkaaji wa Idjwi mara nyingi ni safari ya boti, pamoja na mahali pa kulala na chakula cha siku tatu. Na muda unamkimbia: kufuatana na kifungu cha 227, cheti kikiisha kutolewa na miaka miwili ikapita, hakishambuliki tena, aliyenyang'anywa anabaki na haki ya kudai fidia tu. Miaka miwili ni misimu minne ya maharagi. Tajiri anayejua hilo anajenga ukuta polepole, anangoja.

Na sasa tumsemee mhami mwenyewe, kwa sababu katika biashara hii yeye ni mnunuzi na pia ni windo. Anaambiwa kiwanja ni bei ya chini, na hakuna anayemwambia bei ya nyumba. Kisiwa hakina mtandao wa umeme wa taifa. Mwenye taa ana paneli ya jua. Barabara ni za udongo, na wakati wa mvua kuna vilima ambavyo hata motari mzoefu anakataa. Mtu anayetaka kujenga vyumba viwili tu vya kudumu aanze kuhesabu mfuko mmoja wa simenti. Unanunuliwa Goma au Bukavu. Unalipiwa wa kuubeba mpaka bandarini, wa kuupakia, nafasi yake ndani ya boti, na zile kodi za bandari ambazo zina majina mengi na risiti chache. Boti ikifika, unalipiwa wa kuupakua. Kisha kuna mlima. Motari anachukua mifuko miwili akikubali, la sivyo ni mgongo wa mama, kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mvua ikiwakuta njiani, mfuko unafika ukiwa jiwe. Hakuna duka la karibu la kurudishia.

Manjanja nayo ni hivyohivyo, pamoja na misumari na mbao. Matofali ya kuchoma yanaweza kufanyiwa hapohapo, ni kweli, lakini tanuru linakula kuni, na kuni za Idjwi tayari hazitoshi kupikia. Kila tanuru linalowashwa kwa ajili ya nyumba mpya linapandisha bei ya fungu la kuni la mwenyeji anayepika mihogo yake. Mchanga unachimbwa ukingoni mwa ziwa, na anayechimba ukingo wa ziwa chini ya kiwanja chake mwenyewe ataona mwaka ujao mawimbi yamekula hatua ngapi.

Halafu maji. Ni jambo la kuchekesha kwa uchungu: kisiwa kimezungukwa na maji, na mtu anatembea mlima mzima kutafuta maji ya kunywa. Chemchemi zilizotengenezwa hazitoshi wenyeji. Anayejenga mbali nazo atakunywa ziwa, na ukanda wa Ziwa Kivu unajulikana kwa kipindupindu kinachorudi mwaka hata mwaka. Jamaa tano zikijenga pamoja juu ya mteremko bila vyoo vya maana, zinateremshia uchafu wao jamaa ishirini zinazochota chini. Komisionere anapouza viwanja vitano kwa mpigo hasemi neno juu ya choo.

Na mgonjwa? Mama mwenye uzazi mgumu usiku, aliyejenga kwenye kilima kizuri cha bei ya chini, atabebwa kwa machela mpaka kituo cha afya. Na kama kesi inahitaji mji, ziwa linangoja. Kila mtu wa huku anakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa kuipokea wakiwa wamesimama pwani wakiiona. Boti ile ilikuwa imejaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Kuishi Idjwi ni kuliamini ziwa kila juma: kwa dawa, kwa chumvi, kwa soko, kwa mtihani wa mtoto. Wenyeji wamezoea, na bado wanazika watu.

Basi baba wa watoto watano akitoa feza yote kwa kiwanja, hajanunua nyumba. Amenunua mahali pa kusimamisha hema ya shitingi, kama ileile aliyoiacha kambini, kwa tofauti moja: kambini hakuwa na jirani anayedai kwamba hema imesimama juu ya kaburi la baba yake.

Kuna wanaojibu kwamba kusema hivi ni kuwafungia wahami mlango, na kwamba Mucongomani ana haki ya kukaa popote nchini mwake. Haki hiyo haina ubishi, na anayeitumia hoja ya ardhi kwa kuwafukuza watu wa kabila fulani asijifiche nyuma ya maneno haya. Wenyeji wa Idjwi wamelaza wahami ndani ya nyumba zao za chumba kimoja, wamegawana nao mihogo, bila mradi wala kibao cha shirika. Swali si kama mhami apokelewe. Swali ni nani anakula katikati. Mhami analipa bei ya kiwanja. Mwenye shamba wa kweli mara nyingi hapati hata nusu yake, au hajui kama shamba limeuzwa. Na yule asiyelima wala asiyehama anajenga nyumba ya manjanja mapya. Ugomvi ukilipuka, wanaopigana kwa mapanga ni wale wawili wa kwanza. Komisionere atakuwa bandari nyingine.

Wengine wanasema viwanja vinavyonunuliwa vinaleta maendeleo: nyumba nzuri, hoteli, kazi kwa vijana. Kuna kazi, kwa miezi ile ya kujenga. Kisha ukuta unafungwa na vijana wanaambiwa wazunguke. Njia iliyotelemka ziwani, ambamo wanawake walichota maji na wavuvi walivuta mitumbwi yao, inakuwa bustani ya mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka. Ukingo wa ziwa si wa mtu wa kufunga. Hilo hata shefu wa lokalite analijua. Mwenye kutaka maendeleo ya Idjwi aanze na gati ambalo mzee anaweza kushukia bila kubebwa, na chemchemi, na barabara. Bila hayo, kila nyumba mpya ni mzigo mwingine juu ya bomba lilelile.

Lakini makomisionere wasingeuza hata futi moja bila saini, na saini zinatoka kwa watu wanaojulikana. Idjwi ina sheferi mbili, Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini, na chini yake grupema na lokalite. Kuna mashefu waaminifu waliokataa feza mbele ya watu, na wanaheshimiwa kwa hilo. Kuna wengine waliosaini kiwanja kimoja mara mbili, wakijua kwamba mnunuzi wa kwanza yuko kambini, au ng'ambo, au amekufa. Mlinzi wa ardhi ya kimila akichukua kumi kwa mia ya kila mauzo, atalinda nini? Ofisi za Serikali nazo zisijioshe mikono. Sheria inadai uchunguzi ufanyike kabla ya ardhi ya kijijini kutolewa: watu waende juu ya kiwanja, mipaka itazamwe, wenye madai wasikilizwe, yote yaandikwe. Uchunguzi unaofanywa mezani, kwa mhuri na bahasha, ni wizi wenye namba.

Na wakati huu hatari ni mara mbili. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Tangu hapo wenye mihuri wamebadilika katika ofisi nyingi, na Kinshasa haitambui wakubwa waliowekwa hivyo. Karatasi ya ardhi inayosainiwa na mmoja inaweza kutupwa na mwingine kesho. Mtu aliyepoteza nyumba moja kwa risasi asipoteze ya pili kwa mhuri. Vita hudai mtu angoje hata pale ambapo roho inataka kukimbilia kununua.

Kwa jamaa zilizohama, bwasa ni bora kuliko kununua kwa sasa. Shamba dogo la misimu miwili au mitatu, mbele ya mwenye shamba na mkewe, majirani wa pande zote nne, shefu wa lokalite, na mtu wa kanisa au wa shirika la raia anayejua kuandika. Karatasi tatu, kila upande ubaki na yake. Nyumba iwe ya miti na udongo, ya kuweza kuacha bila kulia. Feza iliyobaki inunue mbegu, mbuzi, lipa ya masomo. Siku ile barabara za Masisi na Kalehe zitakapofunguka, wengi watataka kurudi kwenye udongo wao wenyewe, na kiwanja cha Idjwi kisicho na cheti hakitapata mnunuzi isipokuwa komisionere yuleyule, kwa robo ya bei.

Kwa bami wawili na mashefu wao, dai ni moja, nalo halihitaji feza ya mfadhili: mauzo yoyote yatangazwe kwanza, siku ya soko na siku ya ibada, muda wa majuma manne, kwa Kihavu na kwa Kiswahili, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, na mahali penyewe. Asiyetaka kutangazwa ana la kuficha. Daftari la matangazo hayo likae grupema, wazi kwa kila mkaaji, na wanawake wawili wawe kati ya wanaolisaini.

Wale waliokwisha kulipa wasikae kimya kwa haya. Warudi juu ya kiwanja mchana, pamoja na muuzaji, waite majirani na kuuliza kwa sauti nani alikuwa akilima hapa miaka mitano iliyopita. Kama jibu linatoka kwa watu watatu tofauti, wasiweke jiwe la kwanza, na wadai feza yao mbele ya watu haohao, siku hiyohiyo, kabla komisionere hajapanda boti ya asubuhi.